Mablanketi Saba na Mrashi wa Mama

Walisema sitaweza. Wa kwanza kusema alikuwa jirani yetu pale Siyu, Bwana Famau, mshona viatu vya ngozi, aliyemwambia mama barazani mbele ya watu kwamba Bi Mwana Esha, huyu mwanao hata Mombasa hafiki, akivuka bahari akafika Mokowe tu atalia arudishwe. Nikafika Mombasa. Wakasema chuo sitamaliza, nikamaliza, na diploma yangu ya ufundi wa mitambo nikaitundika ukumbini kwa mama, juu ya saa, ili kila anayetaka kujua wakati aisome kwanza. Wakasema Uarabuni nitaishia kusugua masufuria, nami nikaenda nikafunga matairi kwenye kiwanja cha mbio za pikipiki kwa miaka sita, na waendeshaji wenye majina yao walikuwa wakisema, "Mwiteni yule wa Lamu." Nilirudi kwa miguu yangu na kwa jasho langu, sikubebwa na mtu. Haya nayasema mapema ili mjue anayesimulia ni nani, maana mkishasikia yaliyobaki mnaweza kusahau.

Kuanguka kwangu wengi mmekuona kwenye simu. Mmeniona nikiserereka kwa makalio, mmeiona suruali ikipasuka, mmecheka, na hamna kosa, hata mimi ningecheka kama makalio yangekuwa ya mtu mwingine. Lakini hiyo siyo aibu yangu. Aibu yangu ni maneno sita niliyoyasema baada ya kuinuka, ambayo kwenye simu hayasikiki vizuri kwa sababu ya upepo.

Nilikuwa nimerudi na nia moja. Vijana wetu wa bodaboda hujifunza kuendesha kwa kuanguka (nao wakianguka huanguka na abiria), nami nilitaka kufungua chuo cha kuwafundisha kona, breki na adabu ya barabara. Mahali nilipaona siku ya kwanza niliyoshuka kutoka Mombasa: nje kidogo ya Mokowe kuna yadi aliyoiacha mkandarasi wa barabara, lami tupu, pana, na pembeni makontena mawili matupu. Ardhi ile ni ya Bwana Shee, mtu wa Mkomani, Lamu mjini, wa nyumba za mawe, mtu asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Nilimwendea mara tatu. Mara ya tatu akaniambia, "Athman, maneno yako nimeyasikia na ni mengi. Nionyeshe siku moja tu. Walete hao waendeshaji wako wazunguke pale, wewe uwatangulie. Nikiona ni ufundi, ufunguo wa yadi ni wako. Nikiona ni wazimu, kwa jambo hili tusijuane tena."

Basi siku moja hiyo ndiyo niliyoipanga. Waendeshaji kutoka Malindi walikubali kuja na pikipiki zao za kasi. Haikuwa mashindano, nilieleza mpaka nikachoka, ni siku ya kuzunguka uwanjani, kila mtu na kasi yake, hakuna mshindi wala kikombe. Pikipiki yangu ilikuwa tayari. Kilichobaki ni matairi, na matairi nilikuwa nayo jozi mbili.

Jozi ya kwanza ni yale niliyokuwa nikiyafunga kila siku kule kiwanjani, laini kama yai, hayana mfereji hata mmoja, mpira wake mororo. Yakipata moto hung'ang'ania lami kama mjusi ukutani. Yakiwa baridi ni sabuni. Barabarani hayaruhusiwi kabisa. Jozi ya pili ni matairi ya mbio pia, ila yana mifereji michache, sheria inayakubali, unatoka nayo nyumbani, unazunguka, unarudi nayo nyumbani. Hupata moto upesi na husamehe makosa. Mtu yeyote mwenye akili, kwenye yadi ya Mokowe, angefunga ya pili.

Rafiki yangu Kassim, tuliyesoma naye chuo cha Kurani kwa maalimu tangu wadogo, na sasa hutengeneza bodaboda pale Mokowe, aliyatazama yale laini akayapapasa.

"Haya ni vipara," akasema. "Sisi, polisi hututoza faini kwa vipara, wewe umevipandisha meli."

"Haya ndiyo ya mabingwa."

"Sawa, bingwa. Lakini kule ulikokuwa, kengele ikilia watu huondoka. Hapa kwetu kuna dua, kuna salamu za wazee, kuna kahawa na halua. Kipara chako kitangoja moto wake mpaka halua iishe?"

Nami nikamjibu, "Kassim, wewe hasa diploma yako ni ya wapi?"

Kassim aliacha shule darasa la sita ili awalee wadogo zake. Aliinama akaendelea kukaza nati ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

Sasa matairi laini kule kiwanjani huvishwa blanketi la umeme, mpaka dakika ya kuondoka. Mimi blanketi la umeme sikuwa nalo, lakini elimu ninayo. Nikakumbuka wauza njugu wanavyokaanga njugu kwa mchanga: nikasema nitakaanga mchanga kwenye karai, niutie kwenye mifuko, niizungushie magurudumu, kisha juu yake nivishe mablanketi mazito, joto likae. (Na lilikaa. Katika hili elimu haikunidanganya.) Yalihitajika mablanketi saba. Nikaenda Siyu kumwambia mama.

Hapa inabidi mumjue mama. Mama yangu ana mrashi wa fedha alioachiwa na mamake, wenye shingo nyembamba ndefu, na pale Siyu hakuna bibi harusi anayetoka, hakuna haji anayeondoka, hakuna chombo kipya kinachoshushwa majini, mpaka Bi Mwana Esha aje anyunyize marashi ya waridi. Watu wanasema ana mkono wa heri. Halipwi, wala hajawahi kuomba chochote. Ni cheo chake, ndicho alichonacho duniani pamoja na mimi. Basi alipita nyumba sita, akasema tu, "Mwanangu aomba blanketi, ana kazi nalo," na kila nyumba ikatoa, wengine yale mapya ya sandukuni, si kwa ajili ya diploma yangu, kwa ajili yake. La saba akatoa lake, la kitandani.

"Nami nitakuja siku hiyo," akasema. "Hakuna mtu atokaye kwangu akashika ndia kubwa bila marashi."

Nilimwambia asijisumbue, ni mbali. Akasema mbali ni Makka.

Siku ikafika. Chombo kilitoka bandari ya Mtangawanda alfajiri kimejaa akina mama wa Siyu, kikafika Mokowe asubuhi, wakakaa chini ya turubai lao, na wanaume turubai lao, na vijana juu ya makontena. Mimi nilivaa suti ya ngozi. (Ndiyo, ilishonwa na Bwana Famau yule yule, kwa ngozi ya ng'ombe aliyoitia nakshi nyekundu kama anavyofanya kwenye viatu, na alipokuwa akinipima kiunoni alisema, "Basi kumbe ulifika Mombasa," nikaona huo ndio ushindi wa maisha yangu.) Mchanga nilikuwa nimeukaanga tangu asubuhi, magurudumu yamevishwa mablanketi saba ya rangi saba, na nilipotia mkono ndani, mpira ulikuwa moto kama chapati.

Bwana Shee akafika. Ikasomwa Kurani, ikaombwa dua, mzee wa mtaa akatoa salamu, ikaletwa kahawa. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri, matairi yamo ndani ya mablanketi. Kisha nikapewa kipaza sauti, dakika tano, niwaeleze wageni shughuli ni nini.

Nawaambia ukweli, na ukweli huu nimeuweka moyoni muda mrefu. Nilivua mablanketi. Hakuna aliyeniambia niyavue. Nilitaka wageni wayaone matairi, niwaonyeshe kwa kidole yalivyo laini, na kwa kuwa nilikuwa na kipaza sauti nikaeleza na kiwanja kile kilivyo, na taa zake, na yule mwendeshaji aliyewahi kunishika mkono, na diploma nilivyoipata, na waliosema sitaipata, nikawataja mmoja mmoja bila majina lakini kwa namna ambayo kila mmoja alijijua, na wakati wote huo jua limeingia mawinguni na upepo wa kusi unavuma kutoka mkondo wa bahari, unapita juu ya lami na juu ya matairi yangu. Dakika tano zilikwisha zamani. Mtoto alilala. Kahawa ilirudi mara ya pili.

Niliporudi kwenye pikipiki Kassim alikuwa amechutama, kiganja chake kiko juu ya tairi la nyuma.

"Yamepoa, Athman. Wallahi yamepoa. Zunguka mara tatu polepole kwanza, kama unapeleka mgonjwa."

"Watu wanangoja kuona."

"Waone nini?"

Hapo ndipo mama alipokuja na mrashi wake. Alitembea peke yake kutoka turubai la wanawake mpaka pale kwenye mstari, buibui linapeperushwa, akaninyunyizia kichwani, mabegani, akanyunyiza kidogo mbele ya gurudumu, akasema bismillahi, nenda kwa salama urudi kwa salama. Matone hayakuzidi ya kulowesha leso. Akina mama wakapiga vigelegele.

Nikaondoka kwa kasi. Mstari ule wenye marashi niliupita salama, nataka mlisikie hilo, niliupita salama kabisa, na sehemu yote iliyonyooka niliimaliza, na kona ya kwanza niliingia kwa woga kidogo ikapita. Ni kona ya pili, ile ya karibu na makontena, mbali na mstari, lami kavu kama unga, ndipo nilipolala na pikipiki vile nilivyowaona mabingwa wakilala, goti nje, na tairi la nyuma likaniacha. Halikuniaga. Nilikaa chini huku bado ninakwenda. Niliserereka kwa makalio mbele ya vijana wote, nakshi za Bwana Famau zikibaki nyuma yangu moja moja, na suti ikapasuka kutoka kiunoni mpaka gotini, kikaonekana kikoi changu cha ndani ambacho nacho hakikuwa kipya. Pikipiki haikusimama pamoja nami. Iliendelea peke yake, inalala ubavu, ikakata uwanja wote mpaka turubai la wanawake, ikapiga nguzo, na turubai likashuka taratibu juu ya akina mama wa Siyu kama chandarua.

Alhamdulillahi hakuumia mtu. Walitoka mmoja mmoja, wengine wanacheka kwa hofu. Mama alitoka wa mwisho. Mrashi ulikuwa umekanyagwa, shingo yake imepinda.

Nilikuwa nimesimama, nimeshika suti kwa nyuma kwa mikono miwili. Waendeshaji wa Malindi, wote wenye matairi ya mifereji, walikuwa wamezima pikipiki zao. Bwana Shee alikuja akitembea, na yule mshika kipaza sauti akaja naye, nadhani kwa mazoea, akakiweka baina yetu.

"Athman," Bwana Shee akasema kwa upole. "Ni wewe, au ni nini?"

Nilijua jibu. Mtu aliyefunga matairi miaka sita hawezi kukosa kulijua. Nikaona ufunguo, nikaona chuo, nikaona Bwana Famau amesimama pale na kikombe cha kahawa akisubiri kusikia, na mdomo wangu ukasema, "Si mimi, ni marashi ya mama."

Yakatoka kwenye spika zote nne.

Mama alikuwa karibu. Aliutazama mrashi, akaufunga ndani ya kanga. Bwana Shee akafikiri, akasema, "Basi kama ni maji, kosa si la ufundi," na baada ya siku chache nikapewa ufunguo.

Nilifungua chuo. Vijana walikuja, nikawafundisha vizuri (hilo hata adui zangu hawabishi), na Siyu sikwenda mara kwa mara, nikisema nina kazi nyingi. Mablanketi saba yalikaa kwenye kontena yamejaa alama nyeusi za mpira. Kila mwezi nilisema nitayafua.

Kassim ndiye aliyeniambia. Alikuja kuazima pampu, akasimama mlangoni. "Kwa Mama Zubeda waliozesha binti juzi," akasema. "Marashi walimwita mwanamke wa Pate."

"Mama anaumwa?"

"Haumwi. Alikuwa ndani, mlango umefungwa, na ngoma iko nyumba ya pili. Watu wanasema mkono wake umegeuka. Nani ataka bibi harusi wake aanguke?" Akachukua pampu akaenda zake.

Nilipanda chombo siku ya pili yake. Nilifika nyumbani mchana, mlango wa nyuma uko wazi, sikubisha. Mama alikuwa amesimama ukumbini chini ya diploma yangu, miguu mitupu, ameshika ule mrashi uliopinda. Alinyunyiza matone mawili sakafuni, akaweka unyayo juu yake, akausukuma mbele polepole, huku ameshika ukuta. Akautazama mguu. Akanyunyiza tena, akasukuma tena. Alikuwa anapima. Mwanamke mzima, ameshanyunyizia nusu ya Siyu, alikuwa anapima kama kweli marashi yake yanaweza kumwangusha mtu.

Nilirudi nyuma kimyakimya. Sikuwa na uso wa kuingia.

Nilikwenda kwanza Mkomani. Nilimweleza Bwana Shee yote, matairi, baridi, hotuba yangu, kona kavu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kuanguka ningekusamehe siku ile ile. Ungeniambia ni tairi, ningekupa ufunguo na tairi jingine. Lakini mtu amtupiaye mamake mzigo wake mbele ya watu, mimi nitamkabidhi vipi watoto wa watu?" Akanyoosha mkono. Nikauweka ufunguo kiganjani. Sasa nafundisha kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya banda la Kassim, vijana watatu watatu, na Kassim hajawahi kunikumbusha lile swali la diploma, jambo ambalo ni zito kuliko angenikumbusha.

Kisha nikayafua mablanketi. Niliyafua kwa mikono yangu, sabuni, majivu, na ndimu, siku mbili nzima, na bado michirizi haikutoka yote. Nikayachukua mpaka Siyu, nikapita mlango hata mlango. Kila mlango nilisema maneno yale yale: hili ni blanketi lako, nisamehe lilivyochakaa, na marashi hayakuniangusha, niliangushwa na matairi yangu na mdomo wangu. Wengine walicheka. Mama Zubeda hakucheka, alisema, "Ungeyasema haya kabla ya harusi ya mwanangu," akafunga mlango. Bwana Famau alilipokea lake, akalikunjua akitafuta alama, akasema, "Nalisema utalia Mokowe. Kumbe nilikosea, ni mamako aliyelia."

La saba lilikuwa la mama. Alikuwa amekaa mkekani anatunga asumini.

"Mama, blanketi lako."

Akalinusa. "Lanuka ndimu."

"Mama, mai ya marashi hayakuniangusha. Konani hapakuwa na mai."

Aliendelea kutunga. Alitunga maua matatu, manne. "Nawe waliyua siku ile ile?"

"Nalijua."

"Nalidhani mkono wangu umegeuka," akasema, si kwa kunilaumu, kama mtu anayeeleza ugonjwa uliokwisha. Kisha akauliza kama nimekula.

Nilikula. Nilipoinuka kurudi Mokowe aliniambia ningoje. Akaleta mrashi, ule ule, shingo imepinda, marashi yanatoka kwa upande. Nikainamisha kichwa. Lakini hakuninyunyizia mara moja. Alikwenda jikoni akaja na kitambaa kikavu, akapiga magoti, taratibu kwa sababu ya miguu yake, akafuta sakafu kutoka niliposimama mpaka kizingitini, pale pote ambapo ningekanyaga, na sakafu ilikuwa kavu. Ndipo akasimama akaninyunyizia. Kisha akapiga magoti tena akafuta.

Mtu akiniuliza siku hizi afunge matairi gani, namwambia ya mifereji, na simwelezi zaidi. Nimeapa kipaza sauti sitakishika tena. Mablanketi yote saba nimeyarudisha, kila aliyeniazima amepata lake, na nilitoka kwa mama siku ile nikitembea polepole juu ya sakafu kavu, mama amesimama nyuma yangu na kitambaa mkononi, anaitazama miguu yangu.